Taa Moja Kutoka Kusini

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asije akanidhania shujaa huko mbele. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa ofisi yoyote yenye benchi la kusubiria. Giza peke yake ndilo ambalo siku zile sikuliogopa, na hilo lilitosha mtaa mzima pale Ujiji kuniita mwanga, mchawi wa usiku.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia, mgeni kutoka Tanga, nimepangiwa kazi mwisho wa reli katika miaka ile ambayo ziwa lilituletea wakimbizi kila wiki. Vita vilikuwa ng'ambo, vingine kaskazini, na sisi tulikuwa tunasikiliza. Mngurumo ukitoka upande wa milima ya Kongo, watu walinyamaza kwanza, wakangoja kuona kama mvua itafuata. Nilifundisha shule moja ya Gungu, na nilipanga chumba cha uani kwa mvuvi mmoja, mtu mzima aliyezaliwa Ujiji na wazazi waliotoka ng'ambo. Nilimwita Baba. Mkewe, niliyemwita Mama, alikuwa Muha wa Kalinzi, mtoto wa mashamba ya kahawa. Miaka ishirini ya kuishi na mvuvi haikumfundisha kuingia ziwani kupita magoti. Hakujua kuogelea na hakutaka kujua.

Usiku usio na mwezi nilisimama uani na kamera juu ya miguu yake mitatu, lenzi ndefu, na mbele ya lenzi prizimu niliyoazima maabara ya shule, kile kipande cha kioo cha pembe tatu kinachopasua mwanga ukawa rangi. Kichwani nilijifunika kitambaa cheusi. Mwanamke hana mume, katoka Tanga, kasimama gizani na nguo nyeusi kichwani: hata mimi ningejiita mwanga.

Nilikuwa nafuatilia nyota moja ya kichwani mwa Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la mdudu huyo. Ziko nyota za moto mkali, nyeupe ya kuelekea bluu, zinazozunguka kwa kasi ya kutisha. Jua letu hutumia karibu mwezi mzima kujizungusha mara moja. Hizo, kubwa kama zilivyo, hutumia siku moja tu au hata pungufu. Huzunguka mpaka zikakaribia kujirarua, na baadhi hurusha gesi kiunoni, kama gurudumu la baiskeli isiyo na madigadi linavyorusha tope wakati wa masika. Gesi ile hubaki imeizunguka nyota, ikiwaka. Ukipasua mwanga wa nyota ya kawaida, unapata ukanda wa rangi uliokatwa na mistari myeusi, na mmoja uko kwenye wekundu, pale haidrojeni ilipokula mwanga. Nyota zilizorusha gesi huwa na mstari unaong'aa mahali pale pale. Mstari huo huja na kuondoka, na hakuna ajuaye utakuja lini.

Nyota yangu ilikuwa ya kawaida. Katika picha za Juni mstari ulikuwa mweusi, mwembamba. Julai ukafifia. Mwisho wa Agosti nilisafisha filamu bafuni kwa dawa za stoo ya kemia, nikachapa picha, na pale kwenye wekundu palikuwa panang'aa. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani niliyeiona nyota ile ikiamka. Baadaye nilikuja kujua tulikuwa wengi, lakini mwezi ule ilikuwa yangu.

Mwalimu wangu wa chuo, mzee mkali, alikuwa amenifundisha kwamba mtazamaji huandika kila kinachogusa mwanga: upepo, moshi wa mashamba yanayochomwa, umande kwenye lenzi. Kitabu kikidanganya mstari mmoja, alisema, kimedanganya chote. Kiangazi kile Nge aliinamia ziwani, na ziwani ndiko kulikokuwa na karabai za wavuvi wa dagaa, ambazo mwanga wake huchafua filamu. Nikawa nahesabu taa na kuandika zilikotokea. Niliandika pia boti zisizo na taa, kwa kuwa hizo zilikuwa rafiki zangu. Boti moja bila taa, saa nne na robo, kutoka kusini, injini imezimwa mbali na ufukwe. Picha safi.

Sikujiuliza ni boti ya nani. Sisi wa kazi hii tunaona sana na kuelewa kidogo.

Asubuhi moja nilitoka kuchota maji nikamkuta mama mmoja na watoto watatu wamekaa nyuma ya jiko, wanakunywa uji. Watoto wale walikuwa wakinywa bila sauti, hata kijiko hakikugonga bakuli.

"Ni ndugu, mwalimu," Mama akaniambia. "Wanapita tu."

Nikasema karibuni, nikarudi chumbani na ndoo tupu. Kumbe Baba alikuwa akivusha watu. Akikamatwa, ni kifungo na boti kuchukuliwa, na boti ndiyo iliyolisha nyumba ile. Nilijiapiza kutofungua mdomo, na kweli sikuufungua. Lakini usiku uliofuata nilisimama uani na kalamu yangu, nikaandika kama kawaida. Mazoea yana taabu. Kitabu na uji ule sikuviunganisha.

Alhamisi moja mwishoni mwa Septemba niliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Alikuwako bwana mmoja wa makamo, suti ya kaunda, viatu vimepigwa rangi vikang'aa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa, tafadhali." Adabu yake ndiyo iliyonitisha. "Tumeambiwa kuna mwalimu anapiga picha ziwa, usiku, siku za giza."

"Napiga nyota, mzee."

"Nyota." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Vizuri. Kesho magharibi nitakuja nione zinavyopigwa. Uniwekee na kitabu. Nasikia una kitabu."

Njia nzima ya kurudi Ujiji sikumbuki niliyempita. Nilijifungia nikakisoma kitabu changu kwa macho ya yule bwana. Boti bila taa mara kumi na moja, saa na upande. Ilikuwa ratiba kamili. Mpelelezi wa kulipwa asingeifanya vizuri zaidi.

Nikamwendea Baba, alikuwa uani anashona nyavu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa maana nilijua nikikaa sitainuka. Mikono yake ikasita.

"Umeniandika, mwalimu?"

"Nimeandika mwanga, Baba. Nilikuwa naandika mwanga tu."

"Umeniandika."

Sijapata kuambiwa neno lililoniuma kama lile, na lilisemwa bila hasira. Aliushona wavu mpaka mwisho wa uzi, kisha akasema, "Kesho dada yangu ananingoja ng'ambo kwenye matete, na watoto wawili. Hakuna wa kumpelekea neno kwamba nimeahirisha. Natoka alfajiri, narudi saa nne ya usiku. Wewe mfanye huyo mtu atazame juu."

Usiku ule niliandika kitabu kipya. Nilinakili usiku wangu wote, tangu Juni, saa, dakika, upepo, kwa kalamu tatu tofauti ili kisionekane kimezaliwa siku moja. Ningeweza kuziacha boti zile kabisa. Mwenye akili angeziacha. Lakini niliwaza kwamba majirani husikia injini, wakiulizwa watasema. Na, kusema kweli, mkono wangu ulikataa kufuta kitu nilichokiona. Basi nikazipa taa. Kila palipokuwa na boti bila taa niliandika: taa moja kutoka kusini. Kitabu cha kweli nilikitia jikoni, ukurasa kwa ukurasa, nikaona aibu kama niliyemwibia mzazi.

Ijumaa yule bwana alifika jua linatua. Mama akamletea kiti na kahawa ya kwao Kalinzi. Alifungua kitabu magotini, akasoma polepole sana huku mwanga wa jioni ukipungua, na mimi nafunga kamera kwenye miguu yake.

"Mwalimu, taa hizi nyingine zinahamahama. Leo kumi, kesho tano. Hii moja ya kusini haikosi. Mara kumi na moja, saa ile ile. Mvuvi gani huyu hodari?"

Niliona kosa langu lote kwa mara moja. "Ni baba mwenye nyumba, mzee. Hurudi saa hizo."

"Yuko wapi?"

"Ziwani."

"Basi vizuri. Tutamwona leo akirudi na taa yake, nami nitakiamini kitabu chako." Akakifunga. "Tusipoiona, itabidi tuzungumze mahali pengine."

Mama alikuwa anammiminia kikombe cha pili. Birika halikutetereka. Alilitua chini, akasema anakwenda kumtazama mgonjwa kwa jirani. Alipita nyuma yangu amejitanda kanga mbili, na chini ya kanga kulikuwa na kitu cha duara, kigumu. Sikukitilia maanani. Akili yangu ilikuwa kwa Baba, ambaye wakati ule alikuwa katikati ya maji, taa zote zimezimwa, anakuja kuniumbua.

Giza likashuka. Nikamwonyesha yule bwana Nge, mkia na kichwa. Nikamwonyesha kwa tochi yangu nyekundu picha ya Juni na picha ya Agosti, nikasema sana, nikasema upesi, kuhusu tope na baiskeli na haidrojeni. Aliuliza maswali ya maana. Kwa nini mstari ung'ae, kwa nini sasa. Lakini kila baada ya jibu uso wake ulirudi ziwani, na mimi moyo ulikuwa ukipiga mpaka nikaogopa utaitikisa kamera.

Saa nne ikafika. Nge alikuwa karibu kuzama, nyota yangu imeshuka hadi juu kidogo ya maji. Nilifungua kamera kwa picha ya mwisho. Ndipo injini ikasikika mbali, kusini. Ikanguruma kidogo, ikazimwa.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Sioni taa."

Nilishika kamba ya kamera, nikahesabu sekunde kwa sauti ya chini, kwa kuwa kuhesabu ndilo jambo pekee nililoweza. Nilipofika arobaini alisimama kitini.

Taa ikawaka majini. Ilikuwa chini, kusini, karibu zaidi kuliko injini ilipozimiwa, na mwendo wake ulikuwa wa ajabu. Ilikwenda mbele, ikageuka ubavu, ikazunguka, ikaanza tena. Ni kafi la mtu anayesonga ugali, nikawaza, na hapo ndipo nilipojua kilichokuwa chini ya kanga. Mama alikuwa kwenye mtumbwi, peke yake, na karabai.

"Ile pale," yule bwana akasema. "Andika, mwalimu. Mbona huandiki?"

Nikaandika.

"Huyu mzee wako amelewa?"

"Amechoka, mzee."

Akacheka. Akamaliza kahawa, akanipa mkono, akasema nimsalimie baba mwenye nyumba. Niliusikiliza mlio wa gari lake mpaka ukaisha, kisha nikakimbilia ufukweni.

Taa haikuwa inakuja. Mama hakujua kugeuza mtumbwi, na upepo wa nchi kavu ulikuwa ukimsukuma ndani ziwani. Nilimwita, akaitika mara moja, sauti ndogo. Kisha karabai ikazimika. Nimesema sikuliogopa giza. Usiku ule, kiuno ndani ya maji, nikipiga kelele nisikojua, nililiogopa giza kwa mara ya kwanza, na tangu hapo sijaacha.

Ni Baba aliyempata. Alipoiona taa mahali ambapo hakuna mvuvi ambaye angeiweka, alijua mgeni bado yuko uani, akaingia kwenye matete ya upande wa mto Luiche, akamshusha dada yake na watoto, akarudi kuifuata. Alfajiri alimleta Mama akiwa ameketi kwenye mtumbwi, maji yamefika vifundoni, karabai kaipakata kama mtoto.

"Ego, ndiyo, ilizimika," akasema, kana kwamba namlaumu. Akaenda kubandika uji. Wifi yake alikaa siku mbili nyuma ya jiko, kisha akaenda na wanawe kujiandikisha kwenye mapokezi ya wakimbizi kama watu waliotoka matetini wenyewe.

Baba aliniuliza jambo moja tu. "Na hii ya jana umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Sawa."

Miaka ikapita, nikarudi Tanga. Siku moja mzee wangu wa chuo aliniandikia: wanaofuatilia nyota zile wanakusanya picha zote za msimu ule nyota ya Nge ilipoamka, je, ninazo? Ninazo, arobaini na mbili. Namba za nyota katika kitabu changu zote ni za kweli, naweza kuziapia. Lakini mistari kumi na moja ni ya uongo, na nilifundishwa uongo wa mstari mmoja hufanya nini. Sikukituma.

Nilituma picha moja, ya Ijumaa ile, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa ya kweli: saa nne na dakika ishirini, taa moja kutoka kusini. Ndani yake nyota iko juu, na ule mstari unang'aa kwenye wekundu. Chini yake kuna ukanda wa pili uliopindapinda, rangi zote zimeungana, hauna mstari hata mmoja.

Mzee alijibu kwamba nyota ni nzuri sana, akauliza kile cha chini ni nini, maana mtazamaji huandika kila kinachogusa mwanga. Nikamwandikia: karabai ya mafuta ya taa, mtumbwi mmoja, mpiga kafi mmoja, hajui kuogelea.