Nyasi Chini ya Dirisha la Siti

Haya alinisimulia Joyness, mkwe wangu, juzi tukimenya ndizi. Yeye yumo tangu mwanzo katika kikundi cha akina mama wa kijiji chao.

Ni asubuhi, Kishanda, wilayani Muleba. Alistidia anatua mzigo wa nyasi nyuma ya nyumba ya Siti, anazitandaza chini ya dirisha. Haingii ndani.

Alistidia analima kahawa na migomba, na ndiye mwenyekiti wa tawi la Kishanda la umoja wa akina mama ulioanzia Kitendaguro, Bukoba. Tawi lilianza Joyness alipofiwa na mtoto. Wenzake walitandaza nyasi sebuleni, wakalala naye mpaka akaweza kula. Tangu hapo, mama yeyote kijijini akifiwa au akiugua, halali peke yake.

Sasa redio inataja homa ya kutokwa damu. Jana Siti, mzaliwa wa Bukoba mjini aliyeolewa hapa, alishikwa na homa, akatapika. Alistidia alimfuta kwa mikono mitupu, kama alivyozoea. Akarudi nyumbani, akamlisha mjukuu wake ndizi. Ndipo Nancy, muuguzi wa zahanati, akapita kumwambia kwamba Siti amepimwa damu, asiguswe mpaka majibu yatoke. Na yeye Alistidia, kwa kuwa amemgusa, akae mbali na watu.

Usiku usingizi haukuja. Alijipapasa shingo akitafuta joto. Mjukuu alipokohoa chumba cha pili, Alistidia alikaa kitako mpaka kukakucha.

Wenzake wameogopa kuja, naye hawalaumu. "Mimi nimeshamgusa," anasema. "Nyumbani ningebaki kumtazama mtoto tu, nikingoja aanze kuumwa."

Anauliza dirishani, kwa sauti ya chini, kama Siti amekunywa maji.

"Waitu, mwenzangu, ukininong'oneza hivyo nitadhani nimeshakufa," Siti anajibu. "Upo hapo kwenye nyasi?"

"Nipo."

"Usiondoke."

Wanazungumza habari za kahawa, za wakwe. Kila Siti akinyamaza, Alistidia anainuka kuchungulia kama kifua kinapanda.

Alasiri Nancy anatokea kwenye migomba.

"Ni malaria, mama."

"Malaria tu?"

"Malaria kali. Lakini ni malaria."

Nancy anaingia na dawa. Alistidia anakaa akiitazama mikono yake. Tawi litanunua glavu, anasema, kila mama aziweke pamoja na mundu wake wa kukatia nyasi. "Tutaanzia dirishani mpaka majibu yaje. Lakini kumwacha mtu peke yake, hapana."

Ndani Siti anaanza kukoroma. Alistidia anataka kwenda kwa mjukuu, lakini hakulala usiku kucha. Anaegemea ukuta kidogo tu, na usingizi unamchukua palepale kwenye nyasi.