Sanduku Moja, Chatu Wawili

Nyanzala hafichi wivu wake, na mimi jirani yake nampendea hilo. Wanawake wengine hapa Mwamkulu huufungia moyoni mpaka unawatia vidonda vya tumbo. Yeye anauanika kama mpunga, kila apitaye auone.

Mumewe, Nkwabi, anacheza ngoma ya nyoka, ile waliyokuja nayo Wasukuma walipohamia huku na ng'ombe wao. Watu wanamjua yeye. Wasichojua ni kwamba yule chatu anayejizungushia shingoni amelelewa na Nyanzala miaka kumi na moja. Nyanzala ndiye anayemwosha, anayempa kuku, anayejua siku anazojivua gamba asiguswe. Na ngoma ikikolea uwanjani, ni Nyanzala anayeketi kando ya sanduku na kufunua mfuniko. Umati ukipiga kelele huinamisha uso kana kwamba hajali. Anajali sana. Hiyo ndiyo nafasi yake, na hana nyingine.

Mwaka jana Nkwabi akaoa mke wa pili, Kija, kutoka Sibwesa. Binti mpole, meno meupe, na baba yake naye ni mcheza nyoka, kwa hiyo akaja na chatu wake ndani ya gunia. Kwa desturi yao kila mke hupewa nyumba yake. Lakini Nkwabi ni mtu wa kesho. Alisema matofali yatafyatuliwa kiangazi, akamweka Kija chumba cha pili, na chatu wa Kija akamtia katika sanduku la chatu wa Nyanzala.

"Baba Gideon, chatu hawakai wawili," Nyanzala akamwambia mumewe. "Kila mmoja na sanduku lake."

"Watazoeana. Kwani nyie si mnazoeana?"

"Nani kakwambia?"

Baada ya wiki mbili chatu wa Nyanzala, ambaye ndiye mkubwa, akawa analala juu ya yule mgeni, upande ule unaopigwa na jua la asubuhi. Nkwabi akatuita majirani. "Oneni wanavyokumbatiana!" Tukacheka, tukapiga picha kwa simu. Nyanzala akasema hawakumbatiani, yule mkubwa anamnyima mwenzake joto, na chatu asiyepata joto hasagi chakula, mwishowe anaacha kula. Nkwabi akatukonyeza.

"Wivu huo, mama."

Na kweli ulikuwa wivu. Lakini alichosema nacho kilikuwa kweli, na hapo ndipo aliponasa. Mwanamke akishajulikana kwa wivu, hata akisema mvua inanyesha, watu wanatazama uso wake badala ya kutazama nje.

Akaacha kuonya. Chatu wa Kija akakataa kula mwezi mzima, akabaki ngozi na mifupa. Kija akawa anachutama kando ya sanduku, anambembeleza. Nyanzala alimwona akafurahi, kaniambia mwenyewe bila kupepesa macho. Maana Nkwabi alikuwa ameshaanza kusema kwamba mavuno yakiisha, kwenye ngoma ya kijiji cha Usevya, atamjaribu chatu wa Kija, na Kija ndiye atakayefunua mfuniko.

Siku kumi kabla ya Usevya, saa nne asubuhi, Nkwabi akiwa malishoni, Nyanzala akakamata kuku mmoja. Kanuni anaijua kuliko mtu yeyote: kama chatu wamewekwa pamoja, mmoja hutolewa kwanza, akatiwa guniani, ndipo mwingine alishwe. Hakumtoa. Aliamini yule wa Kija hali tena, naye alitaka tu wake ashibe mbele ya mwenye njaa.

Wote wawili wakamrukia yule kuku, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Wakameza mpaka wakakutana katikati, na chatu wa Nyanzala, mwenye kinywa kipana, hakuishia kwenye kuku. Akaendelea na kichwa cha mwenzake.

Kija alikuwa hatua ishirini tu, anaanika mpunga. Nyanzala hakuita. Alisimama mikono kiunoni, akitazama tatizo lake lote likiingia kinywani mwa nyoka. Anasema hajui alisimama muda gani. Labda muda wa kuchambua sahani ya mchele.

Kija akaja mwenyewe, akaona. "Dada, leta gongo!"

Nyanzala akakurupuka, akaleta chupa ya mumewe ya pombe hiyo kali, akaimimina kinywani mwa chatu wake ili aachie, huku Kija anavuta. Chatu akaachia, akageuka, akamng'ata Kija mkono. Chatu hana sumu, ila meno anayo, na damu ikalowesha kanga. Yule mdogo alitoka hai, kichwa kimejaa ute, shavu limechanika.

Nkwabi akasikia kelele huko malishoni, akafika mbio. "Nani katupa kuku humu?"

Nyanzala akafumbua mdomo. Kija akamtangulia.

"Ni mimi. Sikujua."

Nkwabi alimgombeza Kija mpaka jua likawa utosini. Kesho yake akagongea misumari sanduku la pili, na wiki hiyohiyo akaanza kufyatua matofali ya nyumba ya Kija. Kwenye ngoma ya Usevya Nkwabi akaenda na Nyanzala. Uwanja ulijaa, vumbi likatimka, Nyanzala akafunua mfuniko, watu wakashangilia. Kija alibaki nyumbani na kitambaa mkononi, akimlisha chatu wake vifaranga, maana sasa anakula.

Juzi nilimkuta Nyanzala anapepeta mchele, amenuna. Nikamtania: si umepata vyote ulivyotaka, sanduku lako, nyumba yako, uwanja wako?

"Uzuri wake niliuvumilia," akasema. "Ujana wake niliuvumilia. Lakini siku ile alijua ni mimi, akanifichia. Mimi nisingemfichia. Jirani, hilo ndilo ninalomwonea wivu mpaka usingizi hauji."