Rubani Akosee

Watu wakisikia nafanya kazi katika chuo cha waongoza ndege, hunitazama kama nimeshuka mawinguni jana. Mimi ni fundi mitambo. Nakaa chumba kisicho na dirisha, nahakikisha skrini zinawaka na kanda inarekodi, basi. Ndege nimepanda mara moja maishani, tena nilitapika. Mwanamke ninayetaka kuwasimulia habari zake hajapanda hata hiyo moja, ingawa kwa miaka ishirini na miwili amekuwa rubani wa kila ndege iliyopita chuoni kwetu.

Nieleze, maana hata mke wangu ilimchukua muda kuelewa. Mwanafunzi hukaa chumba cha pili, nyuma ya kioo, mbele ya skrini yenye vidoa vya kijani. Kila kidoa ni ndege. Ndege si za kweli, lakini lazima pawe na mtu wa kujibu kama rubani, na mtu huyo anakaa kwangu, kiti cha kushoto, hedifoni kichwani na kibodi mapajani. Mwanafunzi akitoa amri, yeye huirudia neno kwa neno, kama marubani wanavyotakiwa, kisha huisogeza ndege. Anaweza kuwa marubani tisa kwa saa moja: huyu ana haraka, huyu ana mafua, huyu anazungumza kama aliyeamshwa usingizini. Wanafunzi wamempa jina la Mama Marubani. Lugha ya angani ni Kiingereza, lakini hapa nitayasema maneno yao kwa Kiswahili tusichoshane.

Ugumu wa kazi yake hauko kwenye sauti. Uko kwenye kunyamaza. Mwanafunzi akikosea, Mama Marubani haruhusiwi kumsahihisha. Akiambiwa ageuze ndege iende kuvaana uso kwa uso na nyingine, anaitikia vizuri na kuigeuza. Nimemwona akiuma mdomo mpaka unapauka. Siku moja nilimuuliza anavumiliaje. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nalipwa kutii makosa ya watu. Wengine wanafanya hivyo bure majumbani kwao."

Hana mtoto wa kumzaa. Kaka yake alipofariki alimwachia binti wa miaka sita, naye akamlea kwa mshahara ule ule wa kuigiza marubani. Binti alikuwa anafanyia kazi zake za shule kwenye ngazi za chuo chetu, akimsubiri shangazi yake atoke. Mwaka ambao nafasi za wanafunzi zilitangazwa, waliomba watu elfu moja na mia tisa, nafasi zikiwa kumi na mbili. Walipimwa macho, masikio, kumbukumbu, hata namna wanavyolala. Binti akawa wa nne. Siku hiyo Mama Marubani aliingia kazini akitembea kama anayebeba yai, anaogopa kucheka lisije likavunjika.

Nyumbani walifanya mazoezi kila jioni, vijiko vikiwa ndege na kitambaa cha meza kikiwa anga. Binti alikuwa na kichwa cha kazi hii, na hilo nalisema mimi niliyeona wanafunzi zaidi ya mia tatu. Alikuwa mtulivu, na alipanga ndege zake mapema kama mwanamke anayejua wageni watakuja saa ngapi. Tena alikuwa na adabu. Hakupita mlangoni kwangu bila kuniamkia, na vikombe vya chai alivikuta vichafu akaviacha visafi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema. Huyu alikuwa amefunzwa akafundika.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya mtihani wa mwisho, Mama Marubani aliteleza. Katikati ya zoezi alichanganya ndege mbili, akaijibia moja kwa jina la nyingine. Ni jambo la kawaida kwa mtu aliyekaa na hedifoni kwa muda wa saa sita. Lakini Mkufunzi Mkuu alikuwepo, na aliingia akasema mbele ya darasa zima, kwa mzaha, "Mama, naona masikio yanaanza kuomba kustaafu." Wanafunzi wakacheka. Mama Marubani akacheka pia, maana angefanya nini? Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi uliofuata. Binti peke yake hakucheka. Nilimwona kupitia kioo, ameinamisha uso.

Mtihani wa mwisho hauna rufaa. Ukianguka, unaondoka, na kuomba tena huruhusiwi kamwe. Kila mmoja anajua hivyo. Mama Marubani alikwenda kwa Mkufunzi Mkuu kuomba asiwe rubani wa zamu ya mtoto wake. Alikwenda na barua, ameandika kwa mkono mzuri.

"Nani mwingine?" Mkufunzi Mkuu alimuuliza. Rubani wetu wa pili alikuwa amelazwa, na nafasi ya tatu imekuwa ikisubiri kujazwa tangu mimi nina nywele zote. Chuo kinachofundisha waongoza ndege kilikuwa kimeshindwa kuajiri mtu wa kuzungumza nao. "Na kwani wewe utamsaidia? Wewe ni sauti tu, mama. Karatasi itakwambia la kusema."

Karatasi ya mtihani huja imefungwa, huifungua wenyewe watahini asubuhi ile ile. Mama Marubani aliipokea, akavaa miwani, akasoma mstari baada ya mstari. Alipofika katikati alinionyesha kwa kidole. Palikuwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: *Rubani akosee.*

Kosa lenyewe hupangwa hivi. Mwanafunzi atatoa amri, rubani atairudia vibaya kwa makusudi, na mwanafunzi lazima amkatishe hapo hapo. Asipomkatisha, ndege inafuata kile rubani alichosema. Mnarani, wanakokaa waongoza ndege wa kweli, sikio lililolala ndilo linaloua watu.

"Anajua," nilimwambia. "Wamefundishwa. Atalikamata."

"Atalikamata," alisema. Lakini mkono wake ulikuwa umebana ile karatasi mpaka imejikunja.

Binti alianza vizuri kupita kiasi, Mkufunzi Mkuu amesimama nyuma yake. Dakika ishirini za kwanza mtahini hakuandika chochote. Kisha tukafika kwenye wino mwekundu. Kulikuwa na ndege moja futi elfu nane, inakatiza kutoka mashariki, na nyingine juu yake, Sita Mbili, iliyotaka kushuka. Binti akasema kwa sauti safi, "Sita Mbili, shuka hadi futi elfu tisa."

Mama Marubani alifumba macho. Angeweza kusitasita. Angeweza kukohoa, au kuvuta neno kidogo, na hakuna mtahini duniani angemkamata. Mimi nilikuwa na swichi ya umeme karibu na goti langu, niliitazama, na nikaiacha, kwa sababu kuizima ni udanganyifu na mimi ni mwoga. Yeye hakuwa mwoga. Alisema kama rubani yeyote, bila kukunja neno, "Sita Mbili, tunashuka hadi futi elfu nane."

Tukasubiri. Nilisikia pumzi ya binti kwenye hedifoni. Aliivuta kama mtu anayetaka kusema kitu. Kisha akaita ndege nyingine.

Mama Marubani akaishusha Sita Mbili. Ndiyo kazi yake. Elfu kumi na moja, elfu kumi, elfu tisa, na kidole chake kinaendelea kubonyeza, machozi yanashuka na yeye hafuti, maana mikono yote miwili ina kazi. Binti aliona kwenye skrini ndege inapita elfu tisa, akapiga kelele igeuke kulia, lakini vidoa vilikuwa vimeshakaribiana. Kengele ikalia. Mtahini akatazama saa yake na kuanza kuandika.

Niliwakuta baadaye kwenye kijichumba cha chai, shangazi mtu amesimama, binti amekaa juu ya kreti la soda. Nilitaka kurudi, lakini Mama Marubani alikuwa ameushika mlango.

"Ni mimi," alikuwa anasema. "Nimekuharibu mimi na vile vijiko. Nyumbani sikuwahi kukudanganya hata mara moja. Nimekuzoesha kuniamini, sikio likalala."

"Sikio halikulala, shangazi."

"Usinifariji mimi. Mimi ndiye wa kukufariji."

"Nilikusikia. Nilisikia elfu nane." Binti alikuwa anatazama sakafu. "Nikadhani umeteleza tena, kama ile siku. Na Mkufunzi Mkuu yupo pale nyuma yangu anasikiliza, na mkataba wako haujasainiwa. Nikasema nisikuumbue mbele yake. Nikasema nitairekebisha ndege kimya kimya, kwa skrini, kabla haijafika. Nilikosa sekunde chache tu."

Mama Marubani akakaa chini sakafuni, na gauni lake la kazini, kama mtoto. Mimi nilijifanya natafuta sukari.

Alikwenda kwa Mkufunzi Mkuu mara ya pili siku hiyo, safari hii bila barua. Mimi nilimsindikiza, kama shahidi, nikiwa na kanda mkononi. Nilitaka asikilize ile pumzi. Aliisikiliza mara mbili. Ningependa kuwaambia kwamba mtu yule ni katili, ingenirahisishia, lakini alivua miwani, akaiweka mezani.

"Namwamini," alisema. "Ameona kosa. Amelisikia na akalinyamazia kwa sababu anamheshimu aliyelisema." Alitugeuzia kiganja, kitupu. "Mama, mnarani atakutana na nahodha mwenye mvi, miaka thelathini angani, anamwita 'binti yangu' kila asubuhi. Siku akikosea, nitamwambiaje abiria kwamba mwongozaji alimwonea haya?"

"Ananionea haya mimi tu," Mama Marubani alisema. "Si mtu mwingine."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Mimi pia sikuwa nayo. Tulimjua binti yule wote wawili: angemwonea haya hata mwizi aliyemkuta ndani kwake. Mkufunzi Mkuu akausogeza mkataba wa mwaka ujao mezani, umeshasainiwa tangu wiki iliyopita, hakuona sababu ya kuutangaza. Mama Marubani aliuchukua, kwa sababu sasa kulikuwa na watu wawili wa kula na kazi moja.

Mchana kulikuwa na mwanafunzi mwingine. Wenzake wanamwita Bosi, kijana ambaye hajui jina la mtu yeyote asiyeweza kumpandisha cheo. Karatasi ilikuwa tofauti lakini wino ulikuwa ule ule. Mama Marubani alinawa uso, akavaa hedifoni. Ulipofika mstari wenyewe, Bosi alimwamuru rubani apande hadi elfu kumi na mbili, na Mama Marubani akarudia elfu kumi na tatu.

"Sivyo!" Bosi alisema, kabla hata hajamaliza. "Kumi na mbili. Sikiliza vizuri. Rudia."

"Kumi na mbili," Mama Marubani alisema.

Akafunga maikrofoni na kunigeukia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Umeona?" aliniambia. "Ni hivyo tu. Ni neno moja."

Niliitazama kanda, bado ilikuwa inarekodi. Ndege ya nne ilikuwa imefika zamu yake ya kuzungumza, naye akabonyeza kitufe, akawa rubani mwingine.