Mkalimani wa Evere

"Tonton, wewe mwenyewe uliona ile bei ya mahindi ni ya haki?" Hidaya alimuuliza akiwa bado darasa la nne. Mzee huyo, jirani yao wa pale Evere ughaibuni ambaye alimwita tonton, yaani mjomba, aliwahi kuwa mkalimani wa baraza la wakoloni huko kwao Usumbura. Asubuhi wakubwa walibishania bei ya mahindi, mchana marekebisho ya mahakama za wenyeji, naye katikati akigeuza maneno mpaka koo likamkauka.

"Bon, bwana mkubwa anasema inatosha. Chifu anasema haitoshi."

"Na wewe?"

"Mukalimani hana lake, mutoto." Akafumba macho kwa uchovu. Ndivyo alivyo. Kwenye basi midomo yake hufuata maneno ya abiria, kila lugha ikigeuzwa nyingine kimyakimya, na neno "mimi" halimtoki. Hata kwa daktari, alikosindikizwa na Hidaya, alishika kifua chake mwenyewe akasema, "Anasema kifua kinamuuma," daktari akageuka kumtafuta mgonjwa. Hidaya alicheka njia nzima, kisha kicheko kikamwisha.

Sasa yuko sekondari. Juzi alimpelekea mzee unga wa mahindi. Mzee akachota kidogo, akausugua kiganjani.

"Ile bei, mimi ninasema hapana," akamwambia. "Ile mahindi, maman yangu ndiye aliilima."