Kibuyu cha Mama na Sabuni ya Ndimu

Watu wakianza hadithi za mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, mimi hunyamaza, na jueni ni aibu, tena na hasira, hasira ndiyo nyingi.

Nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, digrii ya mambo ya chakula (somo la usafi ndilo nilipasi zaidi, hebu fikiria), na wazee walikuwa wanakuja kutoka Longisa kuposa dadangu Chebet. Mama akitoka kwenda kuchuma chai akaniambia, "Chela, kibuyu nimeshatayarisha, maziwa ikipoa mwaga tu ndani ufunge."

Mwaga tu. Lakini mimi msomi nimwage tu? Nikachungulia, nikaona vumbi jeusi limeganda kote ndani, nikasema woi, ndiyo maana watu wa huku wanaumwa tumbo, nikachukua brashi ya chupa na sabuni ya maji, ile ya ndimu, nikasugua mpaka mkono ukauma, nikaanika juani, ndiyo nikamwaga maziwa, najisifu moyoni. (Ule weusi ni mkaa, unapakwa makusudi, ndio unaipa mursik rangi na ladha, na kibuyu hakijui sabuni tangu kiumbwe. Mimi Mkipsigis mzima sikujua, kwa sababu nililelewa na shule ya bodingi.)

Siku ikafika, sebule imejaa wazee, mama akamimina, maziwa ikatoka nyeupe pe, na povu juu. Mkono wake ukasimama, lakini baba mkubwa wa kijana anayeposa alikuwa ameshapiga funda. Akameza kwa shida. Akanusa kikombe.

"Mama Chebet, hii maziwa imeoga?"

Si ningenyamaza! Nikasimama mbele ya watu wazima nikasema, "Ni mimi niliosha, mzee, ndani kulikuwa na uchafu." Uchafu! Kwa watu waliokuzwa na huo uchafu! Na nikaongeza habari ya bakteria, aki ya nani.

Mzee akaweka kikombe chini. "Nyumba ikishindwa na maziwa, msichana atatuletea nini?" Wakachukua kofia zao wakaenda, bila kutaja ng'ombe wa mahari hata mmoja, na Chebet akajifungia chumbani kulia.

Nikamrukia mama. "Mmenisomesha miaka yote hiyo, mbona hakuna mtu alinifundisha kibuyu?"

"Si una mdomo? Ungeuliza."

Nilikasirika zaidi kwa sababu ni ukweli.

Ilibidi baba aende Longisa kuomba msamaha. Wakakubali kurudi, lakini yule mzee akaweka sharti, mursik itengenezwe na mimi. Mimi! Nikachoma mkaa mpaka macho yakavimba, nikapaka, nikamwaga, nikakilinda hicho kibuyu kama mtoto mchanga, na Chebet hanisemeshi, anapita tu akikiangalia.

Siku waliporudi mzee akanywa, akachungulia ndani ya kikombe, Chebet akanifinya mkono mpaka nikataka kulia. Halafu mzee akasukuma kikombe. "Ongeza."

Mambo ya ng'ombe yakaisha vizuri, nikapumua. Kumbe mzee hajamaliza. Akaingiza mkono kwa koti, akasema, "Na msomi wetu nimemletea zawadi," akanipa mbele ya wote chupa ya sabuni ya maji. Ya ndimu. Nyumba nzima ikavunjika mbavu, na aliyecheka zaidi ni Chebet, huyo huyo niliyemchomea mkaa!

Iko jikoni mpaka leo, sijaifungua na sitaifungua. Na nikitumwa kibuyu tena, hata nikikuta nyoka ndani, nitamwuliza mama kwanza kama ndiye aliyemweka.