Mwanangu Ameziba Ufa wa Ndege kwa Rangi

Kisa hiki tumetumiwa na mama mmoja wa Rufiji. Jina lake litabaki kwetu. Soma mpaka mwisho kabla hujaandika neno.

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Nauza chai na vitumbua karibu na kiwanja cha nyasi inakoshuka ndege ndogo ya wageni wanaokuja kuangalia wanyama na mto. Nina mtoto mmoja wa kiume, yupo Kibiti na mkewe, ni fundi rangi wa bajaji na pikipiki. Huyo ndiye aliyenitwisha mzigo huu, na simlaumu.

Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mashua kule visiwani. Mwanangu amekua anamwona baba yake akitia kalafati, yaani anachukua pamba, anaichovya mafuta, anaigongelea kwenye ufa, halafu anapaka juu. Mbao ikinywa maji inavimba, ufa unajifunga wenyewe. Ndiyo elimu aliyoachiwa.

Sasa juzijuzi ng'ombe wa wafugaji waliingia kiwanjani, mmoja akajikuna kwenye ile nguzo inayoshikilia bawa la ndege, pembe zikachuna rangi vibaya. Mwenye ng'ombe akaswaga zake akapotea. Msimamizi wa kiwanja akaona aibu wageni waikute ndege ina makovu, na fundi wa Dar alisema hana nafasi. Akamkumbuka mwanangu, aliyewahi kumpakia rangi boti zake. Mimi nilifurahi, jamani. Nilizunguka soko la Kibiti natangaza kuwa mwanangu anapaka ndege, mpaka muuza dagaa mmoja akaniambia, "Shoga, kesho utatuambia anairusha."

Mwanangu akapiga msasa, rangi ya zamani ikatoka, ndipo akaona ufa. Mwembamba kama unywele, pale pale nguzo inapoungana na bawa. Hakumwambia mtu. Si kwa ubaya, Mungu shahidi, aliona ni jambo analolijua tangu utoto. Akaujaza gundi na puti, akasugua mpaka pakawa sawa, akapulizia rangi. Akanipigia simu anacheka, anasema ameziba kama marehemu baba angeziba.

Baadaye alikwenda Dar kununua rangi za bajaji, akakutana na fundi anayefanya kazi za ndege, akamsimulia kwa kujisifu. Anasema yule fundi hakucheka hata kidogo. Akamwambia bati la ndege si mbao, halivimbi likajifunga, ufa wake ukishaanza unatembea, na wewe umewaziba macho wanaoikagua. Hapo mwanangu hakununua hata rangi. Akaja moja kwa moja kwa msimamizi, akamweleza yote. Mnajua alijibiwa nini? "Nilikuita upake rangi, sikukuita upime ndege. Ukifungua mdomo, aliyeziba ni wewe, na jela utakwenda wewe."

Akaja kwangu. Alikaa kwenye benchi langu la wateja, nikamwekea chai ikapoa. Mkewe ana mimba changa. Nikamwambia baba, twende wote tukamwambie rubani. Akaniangalia kama vile hanijui, akasema, "Mama, ukisema, umenizika." Tangu hapo nikipiga simu anapokea mkewe.

Bibi yangu alikuwa anatuhadithia habari za babu yake, aliyekwenda vita vya Maji Maji amepakwa dawa mwilini, kaambiwa risasi ya Mjerumani ikimgusa itageuka maji. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Kila ndege ikishuka, naiona ile nguzo inavyong'aa, namkumbuka yeye.

Nimekwenda kwa sheikh wetu. Akanisikiliza vizuri, akaniambia mtu aseme haki hata dhidi ya nafsi yake. Nikamwomba basi anisindikize nikaseme. Akasema ana safari ya Mohoro. Tangu siku hiyo yupo Mohoro, na mimi namsikia anaadhini hapa hapa.

Rubani mwenyewe ni kijana mwenye adabu, akishuka tu shikamoo yake inamtangulia, ananiita bi mkubwa. Nilijaribu kumwambia kwa kuzungukazunguka. Nikasema baba, hiyo ndege imechoka, ipelekeni Dar ikapimwe. Akacheka, akasema, "Bi mkubwa, sasa hivi ndiyo imekuwa bibi harusi. Umeiona ilivyopakwa?" Akaongeza kuwa fundi yule kama angemjua angempa mkono. Sikuweza kusema kuwa fundi yule nimemzaa mimi.

Sasa kilichonifanya niwaandikie ni hiki. Jana huyo rubani kaniambia Ijumaa anamleta mkewe na mtoto wao mdogo, wauone mto kutoka juu. Akasema kiti kimoja kitabaki wazi, na kwa vile nimeiangalia ndege miaka yote bila kupanda, hicho ni changu. Mdomo wangu ukaitikia. Nimesema nitakuja.

Sijui kwa nini nimeitikia. Nimewaza labda nikiwa ndani yake nitapata ujasiri wa kusema kabla haijaondoka. Nimewaza pia kwamba nikikosa huo ujasiri, basi angalau nisiwe niliyebaki chini naangalia juu. Mkwe wangu nimemwambia nina safari tu.

Ndugu zangu, nikimwambia yule kijana ukweli, mjukuu wangu atazaliwa baba yake yupo jela, na kosa alilitenda kwa kumfuata baba yake mzazi. Nikinyamaza, kuna mtoto wa mwenzangu anaandaliwa nguo nzuri za Ijumaa. Mliozaa mnijibu. Mimi akili yangu imefika mwisho.