Vibeke na Watoto Waliolala Nje

Vibeke Østergaard alikuwa na miaka arobaini na sita alipoamua kusomea saikolojia. Kabla ya hapo alikuwa mlezi katika kituo cha watoto wachanga hapa mjini kwetu, huku Jutland, kaskazini kwenye baridi. Namjua kwa sababu bustani zetu za kukodi zimepakana, na uzio ulio kati yetu hauzuii maneno. Nimezunguka sana, nikipaka rangi nyumba za watu mji hadi mji, lakini mbishi kama yule sijakutana naye.

Saikolojia yenyewe haikumpa taabu. Taabu ilikuwa takwimu. Anayetaka kusomea tabia za watu lazima apite hapo kwanza, na mtihani unaruhusiwa mara tatu tu. Ukianguka ya tatu, unafungasha. Vibeke alishaanguka mara mbili. Mara ya kwanza alikimeza kitabu kizima akaja kukitapika mbele ya watahini bila kuelewa kitu. Mara ya pili hata kutapika kulimshinda.

"Bibi mwanafunzi," Preben, fundi bomba mstaafu wa bustani ya tatu, alikuwa akimtania, "si urudi tu kubadilisha nepi? Kule hakuna hesabu."

"Chunga viazi vyako, Preben. Mimi sirudi."

Mara ya tatu wanafunzi walitakiwa wafanye utafiti mdogo kwa makundi, kisha kila mmoja autetee kwa mdomo. Vibeke akapangwa na vijana wawili, Troels na Ditte. Wakachagua jambo ambalo huku kwetu mtu huzaliwa akilijua: mtoto akilazwa nje kwenye kigari chake, hata baridi ikiuma, hulala muda mrefu kuliko wa ndani. Vibeke mwenyewe aliwasukuma nje watoto wasio na idadi, na jambo hilo aliliamini bila kuuliza. Wakaomba ruhusa ya wazazi, wakapima usingizi.

Hesabu zikatoka. Waliolala nje walizidi, ndiyo, lakini kidogo. Kompyuta ikasema hata kama nje na ndani ni mamoja, bahati tupu ingeweza kuleta tofauti ya namna ile mara kumi na moja katika mia. Wasomi hupenda isifike tano, ndipo waseme wamepata kitu.

Wakaja kujadili bustanini kwa Vibeke, juu ya mkate mweusi na samaki wa siki. Mimi nilikuwa napalilia vitunguu vyangu, nikasikia yote.

"Kuna hawa wawili," Troels akasema. "Walilala nje wakaamka mapema mno. Tukiwatoa, inashuka hadi tatu. Kazi imekwisha."

"Unawatoaje, mwanangu?"

"Walikuwa wanaota meno, mama. Mlezi kasema."

"Na wale wa ndani, ulichungulia vinywa vyao?"

Troels akajikatia kipande kingine cha mkate.

"Nakuuliza wewe. Ulichungulia?"

Ditte akacheka kicheko cha woga. "Vibeke jamani, aliyebakiwa na nafasi moja ni wewe, si sisi. Tunakuokoa hapa! Halafu si wewe unayesema kila siku kwamba nje wanalala vizuri?"

"Nasema, na naamini. Ningetaka kuamini tu, ningebaki kituoni. Watoto wale hawatoki."

"Basi tupige kura," Troels akasema.

"Pigeni mpaka mchoke. Mimi naandika yangu peke yangu."

Na kweli, akaomba kujitenga, akakubaliwa. Preben akaniambia, "Mwanamke huyu anautoboa mtumbwi wake mwenyewe." Mimi pia niliogopa.

Ya chumba cha mtihani alinisimulia mwenyewe. Alikuwepo mwalimu wake, na mtahini wa nje, mama mmoja mkavu kutoka mji mwingine.

"Kwa hiyo," yule mama akasema, "umethibitisha kwamba kulala nje hakusaidii."

Vibeke wa zamani angeitikia kwa kichwa.

"Hapana, sijathibitisha hivyo na siwezi. Watoto walikuwa wachache mno kutuambia ndiyo au hapana. Moyoni nasema kunasaidia. Lakini watoto hawa hawajanipa ruhusa ya kulisema mbele yenu."

"Hawa wawili walio mbali sana na wenzao, hukufikiria kuwatoa?"

"Nilishawishiwa. Ningekuwa na sababu niliyoiweka kabla ya kuona hesabu, ningewatoa. Sikuwa nayo."

Hapo alisimama vizuri. Kisha akaulizwa kwa nini katika kutafuta mtawanyiko watu hugawanya kwa idadi ya watoto kutoa mmoja, akakwama. Akaambiwa achore mchoro wenye umbo la kengele, akachora kitu kama sufuria iliyopinduliwa. Wakamtoa nje ya chumba wajadiliane, kisha wakamwita.

Alama yake: sifuri-mbili. Chini ya hapo ni kuanguka; ya juu kabisa ni kumi na mbili. Troels na Ditte, waliowatoa wale watoto wawili, walipata saba kila mmoja, kwa sababu michoro yao ilikuwa safi.

Mchana uleule Vibeke akaja bustanini na keki ya krimu, akaenda moja kwa moja kwenye mlingoti, akapandisha bendera kubwa, ile ya taifa ambayo huku kwetu hupandishwa siku za kuzaliwa.

"Kwa sifuri-mbili?" Preben akapiga kelele. "Mama wee! Watu hupandisha kwa kumi na mbili! Unajiona nani?"

"Aliyepita," Vibeke akasema, akiikaza kamba. "Na muhula ujao kuna takwimu ya pili. Nayo itanikuta. Unakuja kula keki, au unabaki huko na mdomo wako?"

Preben akaja, kwa kupitia bustanini kwangu, akinikanyagia vitunguu.